Komisheni Yako Inatoka Mfukoni mwa Nani?

Wiki tatu zilizopita, saa kumi na nusu alfajiri, nilikuwa ndani ya basi la N15 naelekea mjini kusafisha ofisi. Simu ikalia. Ujumbe umeingia kwenye kundi letu la mchezo. Nikisema mchezo, waliotoka Tanzania wananielewa: tuko watu kumi na wawili, kila mmoja anatoa pauni 100 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wetu anabeba pauni 1,200. Wakenya wataita chama, wengine wataita upatu. Kwa miaka minne sasa mchezo huu umejenga nyumba, umelipa ada na umezika wazazi wa watu.

Ujumbe ulisema hivi: "Jamani kuna mchezo mwingine. Huu ni wa akili, SI kamari. Fungueni akaunti kwa linki yangu. Ukiweka pauni 10 unaongezewa 10. Mimi nalipwa, na wewe ukileta watu unalipwa. Kazi ni kushea tu."

Kijana aliyetuma simlaumu. Anafunga jipsamu kwenye maghorofa mapya kule Barking. Akishakatwa asilimia 20 ya CIS, akalipa chumba, akatuma nyumbani, anabaki na nauli. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kuna pesa inaingia akiwa amelala, lazima asikilize. Hata mimi nilisikiliza. Kabla basi halijafika Aldgate, watu wanne walishaweka dole gumba.

Nasema maoni yangu mapema ili tusizungushane. Kualika watu kwenye michezo ya pesa mtandaoni kwa komisheni ni kazi ambayo ipo, kampuni nyingi zinailipia, na hapa Uingereza kuna watu wanaoifanya kwa kufuata sheria. Sisemi kwamba yote ni utapeli. Ninachosema ni kwamba sisi tunaotuma pesa nyumbani hatufai kuifanya, kwa sababu watu pekee tulionao wa kuwaalika ni wale wale tunaowatumia pesa. Ukiwaalika wao, komisheni yako inatoka kwenye hasara yao. Na hasara yao, ukiifuatilia vizuri, ni jasho lako mwenyewe.

Udalali huu unafanyaje kazi

Sisi kwetu dalali tunamjua. Anakuonyesha chumba, ukipanga anachukua chake. Udalali wa mtandaoni ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba linki ndiyo inayomhesabia. Unajiandikisha na kampuni ya mchezo, unapewa linki yenye namba yako, unaiweka WhatsApp, TikTok, Facebook au Telegram. Mtu akiibonyeza na kufungua akaunti, kampuni inajua ni wewe uliyemleta.

Malipo huwa ya aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya mara moja: mtu wako akifungua akaunti na kuweka pesa, unapewa kiasi fulani, basi. Ya pili ndiyo inayosifiwa sana kwenye video, kwa sababu wanasema "unalipwa maisha yote". Hii ni mgawo wa mapato. Kampuni inakupa asilimia fulani, mara nyingi kati ya 20 na 40, ya kile inachopata kutoka kwa mtu uliyemleta.

Hapo ndipo naomba usimame kidogo, hata kama kituo chako kimekaribia. Kampuni inapata nini kutoka kwa mtu uliyemleta? Kwenye michezo ya kubahatisha inapata kile alichopoteza, baada ya kutoa alichoshinda na gharama zake. Hakuna chungu kingine. Akishinda, wewe hupati kitu, na mikataba mingine inakuandikia deni mpaka apoteze tena. Akipoteza, unapata. Akiacha kucheza kwa sababu amepata akili, mapato yako yamekufa.

Piga hesabu. Tuseme mgawo wako ni asilimia 30 na unataka pauni 100 kwa mwezi. Watu wako lazima wapoteze pauni 333 mwezi huo. Ukitaka pauni 300, wapoteze 1,000. Mwezi unaofuata tena, na unaofuata tena. Sasa fungua simu yako uangalie majina. Nani kati ya hao ana pauni 1,000 za kupoteza kila mwezi? Shangazi? Mdogo wako wa kidato cha sita? Mama wa kwaya? Yule dada anayelea watoto wa watu Hampstead, ambaye hata siku ya kupumzika hapewi vizuri?

Watu wanaopata pesa nzuri kwenye udalali huu wana kurasa zinazotembelewa na maelfu ya watu wasiowajua. Sisi tuna kundi la mchezo, kundi la msiba, kundi la ukoo na kundi la waliosoma pamoja. Wateja wetu ni damu yetu.

Mabati ya Korogwe

Nilimpigia yule kijana jioni ile. Alinisimulia jambo ambalo ameniruhusu niliandike, jina lake nikilificha.

Miezi miwili kabla ya kututumia sisi linki, alikuwa ameituma kwenye kundi la ukoo wake. Wiki chache baadaye akaona kwenye ukurasa wake wa udalali kwamba ameingiza pauni 45. Alifurahi sana. Ukurasa ule hauonyeshi majina, unaonyesha namba tu: mchezaji fulani, ameweka kiasi fulani, wewe umepata kiasi fulani. Akajisemea, mambo yameanza.

Wakati huo huo alikuwa amemtumia mdogo wake pauni 300 anunue mabati ya nyumba ya mama yao, Korogwe. Mabati hayakuonekana. Kwanza duka limefungwa. Halafu bei imepanda. Halafu simu haipokelewi. Mwishowe mama mwenyewe ndiye aliyesema. Yule mdogo alikuwa ameweka nusu ya pesa, kidogo kidogo, kwenye mchezo ambao kaka yake wa London aliuleta kwa mkono wake. Alisema hakuona ubaya. Kama kaka anasema ni mzuri, na kaka yuko Ulaya, basi ni mzuri.

Pauni 150 mara asilimia 30 ni pauni 45.

Yaani alifunga jipsamu siku nzima, akatuma pesa nyumbani, akalipa ada ya kutuma, pesa ikaliwa, halafu akarudishiwa chini ya theluthi yake ikiitwa mapato. Aliponiambia tulinyamaza wote wawili. Kisha akasema, "Dada, mimi nilidhani nimepata. Kumbe nilijilipa mwenyewe." Nilimuuliza kwa nini basi ametutumia na sisi linki ile ile. Akajibu kwamba alitaka kurudisha hasara, mama apate mabati kabla ya mvua. Ndivyo ilivyo. Anayeuza linki mara nyingi ni mtu ambaye tayari ameumia.

"Lakini ni mchezo wa akili"

Hili ndilo neno linalowaingiza hata watu wa dini, wale ambao kamari hawaigusi. Wanaambiwa: hii ni drafti, ni karata, ni pool ya kwenye simu, ni kupanga rangi. Mwenye akili anashinda. Si bahati.

Ni kweli kuna tofauti. Sheria ya kamari ya Uingereza ya mwaka 2005 inatofautisha mchezo wa bahati na mchezo wa ujuzi mtupu kama chesi. Lakini sheria hiyo hiyo inasema mchezo wenye bahati na ujuzi kwa pamoja unahesabiwa kuwa mchezo wa bahati, hata kama bingwa anaweza kuishinda bahati yenyewe. Ndiyo maana poka ya pesa ni kamari mbele ya sheria, wacheze maprofesa wasicheze. Anayeiendesha kwa watu wa hapa anahitaji leseni ya Gambling Commission, na majina ya wenye leseni yako wazi kwenye daftari lao mtandaoni. Neno "akili" kwenye tangazo haliondoi hitaji hilo.

Wenzetu India walibishana miaka mingi kuhusu mstari huu wa akili na bahati. Agosti 2025 bunge lao lilipitisha sheria inayopiga marufuku michezo ya mtandaoni ya pesa, iwe ya bahati au ya ujuzi. Kampuni kubwa kama Dream11 ikasimamisha mashindano yake ya kulipia. Serikali ilisema familia zilikuwa zinaumia, na kwa anayepoteza, mchezo kuitwa wa ujuzi haukuwa umembadilishia kitu.

Tuchukulie basi kwamba mchezo ni wa ujuzi kweli. Wewe na mwenzako mnaweka pauni 5 kila mmoja. Mshindi anapewa pauni 9, pauni 1 inabaki kwa mwenye mchezo. Tuseme mko sawa, mnacheza mara kumi, kila mmoja anashinda mara tano. Umeweka pauni 50, umerudishiwa 45. Mwenzako vivyo hivyo. Wote wawili mna akili, wote wawili mmepoteza pauni 5, na mwenye mchezo ana 10 bila kusogeza kete. Cheza mara mia, ana 100. Ili tu usipoteze, lazima ushinde zaidi ya nusu, tena kwa tofauti nzuri: mara 56 kati ya 100.

Utamshinda nani mara 56? Unacheza baada ya saa kumi za kubeba matofali au kusugua vyoo, macho yanafumba, uko kwenye treni. Anayekusubiri upande wa pili ni mtu ambaye kazi yake ni huo mchezo. Na kama ni mtu, basi ushukuru. Februari 2024 baraza la mahakama huko California liliamua kampuni ya AviaGames iilipe kampuni nyingine ya michezo ya ujuzi, Skillz, karibu dola milioni 43. Kesi yenyewe ilihusu haki za uvumbuzi, lakini katika mzozo huo yalitoka madai kwamba wachezaji walikuwa wakishindanishwa na programu za kompyuta huku wakidhani ni binadamu. Kampuni ilikuwa imeyakana madai hayo. Mimi na wewe tulio kwenye basi tutajuaje? Hatuna njia.

Mchezo ukigeuka kuwa mnyororo

Hadi hapa nimeongelea udalali ambao kuna kampuni kweli na mchezo kweli. Kuna aina nyingine ambayo mchezo ni pazia tu. Unaijua kwa dalili moja: unaambiwa ulipe kwanza ili upate nafasi ya kulipwa, na malipo makubwa yanatoka kwa wale unaowaleta.

Hii si ngeni kwetu. Tanzania ilikuwa na DECI, ambapo watu "walipanda mbegu" na kusubiri kuvuna, wengine wakiuza hata mashamba. Ilisimamishwa mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake, wakiwemo wachungaji. Kenya, kamati ya serikali iliyochunguza mipango ya upatu wa uongo ilitoa taarifa mwaka 2009 kwamba wananchi walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8.

Halafu ikaja ya kizazi cha simu. Mapema mwaka 2025 Tanzania ilitikiswa na mpango uliojiita Leo Beneath London, LBL. Ulikuwa unalipia kiwango chako, unatazama vipande vya filamu kwenye simu, unalipwa kidogo kila siku, na ukileta watu unapanda ngazi. Ukaporomoka, polisi wakakamata watu katika mikoa mbalimbali. Angalia jina lile. London! Mtu wa Mwanza akisikia London anasikia uhakika, hospitali nzuri, benki, pauni. Wewe na mimi tunaoishi London tunajua pia chumba cha watu wanne na mita ya umeme ya kulipia kwanza. Lakini nyumbani jina la jiji hili ni dhamana, na wewe unayetuma linki kutoka hapa ni dhamana mara mbili. Ndugu zako hawaisomi ile linki. Wanakusoma wewe.

Hapa hapa Uingereza nako zimejaa zile za WhatsApp na Telegram: "Tunalipa pauni 5 kwa kila video utakayoipenda." Unalipwa kweli siku mbili za kwanza. Siku ya tatu unaambiwa uweke pauni 50 ili ufungue kazi za juu, halafu 200, halafu 600, mara nyingi kwa kripto. Zile pauni 5 za mwanzo ni chambo. Na kumbuka, kwa sheria ya nchi hii, kuendesha au hata kuutangaza mpango ambao malipo yake yanatokana hasa na kuleta watu wapya ni kosa. "Mimi nilishea tu" haikutoi moja kwa moja.

Viza, kodi na akaunti yako ya benki

Tuje kwenye mambo ambayo video za TikTok haziyasemi.

Viza. Kama uko hapa kwa viza ya mfanyakazi wa ndani, ile ya miezi sita, ruhusa yako ni kazi za ndani katika nyumba ya mtu binafsi. Tangu 2016 unaweza kubadilisha mwajiri ndani ya muda huo, lakini huwezi kujiajiri. Mwanafunzi naye haruhusiwi kujiajiri, hata kama hajamaliza saa zake 20 za wiki. Mwenye viza ya kudhaminiwa na mwajiri ana masharti makali ya kazi ya ziada. Komisheni inaonekana kama kitu cha pembeni, lakini ni malipo ya kazi, na yanaacha alama kwenye benki. Usihatarishe miaka yako kwa pauni 45. Ukiwa na shaka, uliza mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Kwa wafanyakazi wa ndani, shirika la Kalayaan lililoko London limekuwa likisaidia wenzetu tangu 1987.

Kodi. Wenye ruhusa ya kujiajiri, jueni hili. Anayeshinda kamari Uingereza halipi kodi ya ushindi wake, kwa hiyo wengi wanadhani komisheni nayo haina kodi. Ina kodi. Ni mapato ya biashara. Ukiingiza hadi pauni 1,000 kwa jumla kutoka kwenye biashara zako ndogo katika mwaka wa kodi, kabla ya kutoa gharama, kwa kawaida huhitaji kuripoti. Ukizidisha, unatakiwa ujiandikishe HMRC kabla ya tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka huo kuisha. Nyie wa CIS mnaopeleka hesabu kila mwaka mnakuwa tayari na biashara, kwa hiyo komisheni inaingia pamoja na hizo.

Akaunti. Kuna hatua inayofuata kwa dalali "anayefanya vizuri". Anaambiwa: "Wachezaji wa nchi fulani hawawezi kulipwa moja kwa moja, pitishia kwenye akaunti yako, ubaki na asilimia 10." Hapo kimbia. Hiyo ni kusafisha pesa za wizi. Adhabu ya juu ni kifungo cha miaka 14, na hata usipofungwa, jina lako linaweza kuwekwa alama kwenye mfumo wa Cifas kwa miaka 6. Mtu mwenye alama hiyo anatafuta benki ya kumpokelea mshahara haipati. Na bila benki, utatuma nini nyumbani?

Tangazo. Hata udalali halali una sharti: ukisifia mchezo na unalipwa kwa kuusifia, lazima useme wazi kwamba hilo ni tangazo. Jaribu kuandika kwenye kundi la ukoo: "Ndugu zangu, jiungeni hapa, mkipoteza mimi napata asilimia 30." Kama huwezi kuiandika sentensi hiyo, linki usiitume.

"Kila mtu ni mtu mzima"

Nimeambiwa hivyo kwenye kundi. Dada mmoja aliandika: "Mbona tunawafanya watu watoto? Mimi nimealika, wao wamekubali. Na mimi nimelipwa kweli, pauni 80, nimenunua viatu vya shule." Anasema kweli, risiti niliiona. Na sisemi viatu vile ni dhambi.

Lakini mtu mzima anaamua vizuri akijua ukweli wote. Ndugu yako Nakuru au Morogoro hajui mgawo wako. Anadhani unampa fursa, kama ulivyompa namba ya wakala wa ajira au kama ulivyomtumia simu. Tukiwa ughaibuni tuna mamlaka ambayo hatukuyaomba. Ukisema kitu, kina uzito wa mtu aliyepanda ndege. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5. Pesa zile zilikwenda kwa watu wanaotuamini, shilingi kwa shilingi. Wenye michezo wanaijua njia hiyo vizuri kuliko sisi. Wao wanahitaji mtu wa kuwafungulia mlango tu, na wakimpata wanamwita mshirika.

Basi tusialike mtu kwenye chochote?

Hapana, alikeni. Lakini uliza maswali matatu kabla ya kushea linki yoyote ya komisheni.

La kwanza: mimi nalipwa na nini? Kama jibu ni hasara ya mwenzangu, acha.

La pili: mwenzangu anabaki na nini mkononi nikishalipwa? Kuna kampuni za kutuma pesa zinazokupa zawadi ukimleta rafiki, na rafiki anasamehewa ada ya kutuma mara ya kwanza. Hapo rafiki angetuma pesa tu, na pesa yake imefika kwa mama yake. Soma masharti, kwa sababu zawadi huwa ni ya mara moja na mara nyingi kuna kiasi cha chini cha kutuma. Linganisha pia kiwango cha kubadilisha fedha, maana ada ya sifuri inaweza kufichwa humo. Lakini msingi wake ni safi.

La tatu: ningemwalika mama yangu mzazi nikiwa nimekaa pembeni yake, namwonyesha kila kitu?

Na kama una ujuzi kweli, ujuzi wenyewe ndio mali. Namjua fundi wa vigae anayerekodi dakika mbili za kazi yake kila Jumamosi, kwa Kiswahili, anaonyesha jinsi ya kupima na kukata kona. Hajalipwa na mtandao hata senti. Lakini amepata kazi tatu za bafu kupitia video hizo, na yeye ana ruhusa ya kujiajiri. Kima cha chini cha mshahara hapa kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na zaidi. Bafu moja la Jumamosi linazidi komisheni ya miezi kadhaa, na hakuna ndugu anayelala njaa kwa ajili yake.

Kama umeshaingia

Usione haya. Aibu ndiyo inayofanya watu wazame.

Kama ulituma pesa kwa matapeli, piga 159, itakuunganisha na benki yako kama ni mojawapo ya nyingi zilizomo kwenye mpango huo. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, benki za Uingereza zinatakiwa kumrudishia mtu aliyelaghaiwa akahamisha pesa kwenda akaunti nyingine ya hapa nchini, hadi pauni 85,000, kama ataripoti ndani ya miezi 13. Haihusu pesa uliyotuma nje ya nchi wala kripto, na haihusu pesa uliyopoteza kwa kucheza tu. Kwa hiyo wahi, na eleza ukweli wote.

Kama kucheza kumekushinda, namba ya GamCare ni 0808 8020 133, bure, usiku na mchana. GAMSTOP itakufungia tovuti zote zenye leseni ya hapa kwa mara moja. Benki nyingi pia zina kitufe cha kuzuia malipo ya kamari ndani ya programu yao. Kibonyeze leo, kabla ya siku ya mshahara.

Na kama uliwaalika watu wa nyumbani, warudie. Waambie wazi ulikuwa unalipwa vipi. Ni simu ngumu, lakini ni wewe tu wanayeweza kumwamini ukisema acheni.

Yule kijana alipiga simu hiyo. Mdogo wake alilia, mama akamkasirikia zaidi yeye wa London kuliko yule wa Korogwe, na nadhani mama alikuwa na haki. Kwenye kundi letu aliifuta linki mwenyewe, tukakubaliana kwamba humo hakiingii kitu cha komisheni bila mtu kusema analipwa na nani na kwa nini.

Zamu yake ya kubeba ni mwezi wa kumi na moja. Amesema safari hii atampigia mwenye duka la mabati, atamlipa kwa Lipa Namba ya duka moja kwa moja, na mama ndiye atakayehesabu bati moja moja zikishushwa.